Begi la gofu la vyumba 14 lina faida gani kwa mtu anayetembea?

#1 KipangaWaLugalo
Wakuu habari. Nachezea uwanja wa Lugalo, Dar, handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) 19. Wikiendi nyingi natembea mwenyewe, mara nabeba begani, mara navuta toroli. Kedi (mbeba begi) namchukua siku ya mashindano. Begi langu la miguu, lile linalosimama lenyewe, limechoka: mguu mmoja haufunguki mpaka niuvute kwa mkono, na zipu ya mfuko wa mipira imeliwa na kutu. Natafuta jingine.

Pale klabuni kila ninayemuuliza ananiambia nichukue lile kubwa la vyumba 14, kila fimbo na chumba chake, hazigongani. Msimamo wangu ni kwamba vyumba 14 ni vya kupendezesha macho. Niliazima la jamaa raundi nzima, likiwa kwenye toroli. Aini (fimbo za chuma) namba 6 na 7 zilikuwa zinanasa kila nikichomoa, nalibana begi kwa goti ndipo zitoke. Langu la vyumba 4 halina tabia hiyo.

Anayetetea vyumba 14 aje na sababu. Na anayejua kwa nini fimbo zinanasa kwenye begi lililotengenezwa zisigusane, anieleze.

#2 Bogi Kila Shimo
Naweka kambi hapa, na mimi niko sokoni.

#3 Mzee wa Limuru
Kijana, vyumba ni swali la pili. La kwanza ni nani anabeba. Kuna bega lako, bega la kedi, toroli na kigari, na kila mmoja ana begi lake.

Ukibeba mwenyewe, begi la miguu lenye mikanda miwili, uzito usizidi kilo 2 na nusu likiwa tupu. Ukivuta toroli au ukipanda kigari, chukua lisilo na miguu, kitako bapa, mifuko yote inatazama upande mmoja ili likifungwa mkanda usihangaike kuifikia. Hayo yana kilo 3 hivi. Yale makubwa ya mapro (wanaocheza kwa kulipwa), yenye jina la mdhamini ubavuni, yanavuka kilo 4 kabla hujaweka hata kijiti cha tii. Yalitengenezwa kwa mtu anayelipa kedi wa kudumu.

Huku kwetu Limuru tuko juu ya mita 2,000, hewa nyepesi na vilima haviishi. Kilo moja ya ziada unaijua ukifika shimo la 12.

#4 FundiGripu
Kuhusu kunasa nina jibu, maana nabadilisha gripu (mpira wa kushikia fimbo) za watu na mabegi nayaona kwa ndani. Mkuu Kipanga, hilo begi uliloazima uliangalia chini? Mengi ya vyumba 14 yana vyumba juu tu. Ile fremu ya plastiki mdomoni ina matundu 14, lakini ukiingiza mkono, kitambaa cha kugawa kinaishia katikati. Chini kabisa ni shimo moja, gripu zote 14 zinalundikana pamoja, mpira kwa mpira. Ukivuta moja inasuguana na jirani zake.

Dawa ni begi ambalo vigawanyo vinashuka hadi kitakoni na vimeshonewa pale. Shusha fimbo moja kwenye chumba cha pembeni, kisha itikise. Ikigusa nyingine chini, hilo begi halina vyumba 14.

#5 Mchagga wa TPC
Fundi, nakubali nusu. Langu limeshonwa hadi chini na linanasa vilevile. Sababu ni gripu nene. Siku hizi watu wanaweka gripu pana kwa ajili ya viganja vinavyouma, na ile ya fimbo ya grini (ya kusukumia mpira shimoni) imekuwa nene kama mhindi wa kuchoma. Chumba kilipimwa kwa gripu ya kawaida. Ukiingiza nene, kitambaa kinavutika kwa jirani, jirani naye anabanwa. Nilirudisha gripu za kawaida kwenye aini, tatizo likapungua sana.

#6 KipangaWaLugalo
Mchagga, gripu zangu ni za kawaida, alizoziweka fundi wa pale pale klabuni. Kwa hiyo hoja ya #5 kwangu haisimami, ya #4 inaweza. Nitamuomba jamaa nilichungulie.

#7 DadaMikwaju
Mnajadili vyumba 14 kana kwamba sheria inalazimisha fimbo 14. Sheria inasema zisizidi 14.

Mimi natembea na fimbo 7: draiva (ndefu ya kuanzia), hibridi, aini 6, 8, weji mbili (fupi za karibu na grini) na ya grini. Begi jembamba la mkanda mmoja. Nililipima kwa ile mizani ya kuning'iniza mizigo ya safari, likiwa na fimbo, mipira 6, taulo na chupa ndogo ya maji, lilikuwa kilo 5 na kidogo. Kisha nikapima la mume wangu kama lilivyotoka kwenye buti ya gari. Begi tupu kilo 3.6. Fimbo 14 zikaleta karibu 5.8. Mipira dazani mbili ni zaidi ya kilo moja, maana mpira mmoja ni gramu 46 hivi. Maji lita moja na nusu, mwavuli, koti la mvua, na chini ya mfuko wa pembeni jozi ya viatu vyenye matope ya masika iliyopita. Mizani ilikaribia 14. Anabadilisha begi kila msimu na kulalamika mgongo, wakati viatu vimo humo humo.

Kaka Kipanga, kabla hujaingia dukani pima ulicho nacho.

#8 Bogi Kila Shimo
Dada, shemeji anajua umemleta huku? Hivyo viatu vitoke leo.

#9 Sajenti Mstaafu
Nachangia kwa upande wa sheria kwa sababu hapo juu imeguswa. Ukikutwa na fimbo ya 15 kwenye mashindano unaondolewa moja kwa moja. Hesabu fimbo zako kabla ya tii (pa kuanzia shimo) ya kwanza.

#10 Mlinda Kanuni
Shikamoo Sajenti. Kuhesabu ni sahihi, ila adhabu siyo hiyo. Kanuni ya 4.1b, kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju (mapigo), ni mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza na fimbo ya ziada, na haizidi 4 kwa raundi. Ukigundua lazima uitoe kwenye mchezo hapo hapo. Ukipiga nayo tena baada ya hapo ndipo unaondolewa.

Mfano unaojulikana ni pro Ian Woosnam, mashindano ya The Open ya 2001, uwanja wa Royal Lytham, Uingereza. Siku ya mwisho alianza akiwa miongoni mwa wanaoongoza. Shimo la 1 pale ni la mikwaju 3, akalimaliza kwa 2. Kufika tii ya 2 kedi wake anamwambia begi lina fimbo 15: draiva zilikuwa mbili, moja alikuwa anaijaribu mazoezini ikabaki humo. Ile 2 ikawa 4. Akaishia kufungana kwenye nafasi ya tatu, kombe likaenda kwa David Duval.

Na hiki, Kipanga, ndicho ninachokitetea kwenye vyumba 14. Kila fimbo ikiwa na chumba chake, ya 15 haina pa kukaa, unaiona. Na ukiisahau weji kando ya grini, chumba kitupu unakiona kabla hujafika tii inayofuata. Kwenye vyumba 4 unagundua mashimo mawili mbele, kundi la nyuma yako limeshapita pale.

#11 Sajenti Mstaafu
Marahaba. Nimekuelewa, asante kwa kunyoosha.

#12 KipangaWaLugalo
Mlinda Kanuni, hiyo ya weji iliyosahaulika ndiyo sababu ya kwanza hapa kunigusa. Nakiri ina uzito. Bado haijajibu kunasa.

#13 Kedi wa Mlimani
Wazee na madada, habari zenu. Mimi ni kedi, upande wa Nairobi, nimebeba kila aina mnayoitaja hapa. Naomba niongee kwa niaba ya bega.

Mzee wa Limuru kasema kilo, na kilo ni kweli. Lakini kinachotumaliza zaidi ni kuinama. Chukua mchezaji anayemaliza raundi kwa mikwaju 95. Toa ile ya kwenye grini, tuseme 36, inabaki 59. Kila mmoja wa hiyo begi linashuka chini na kupanda tena. Lenye miguu nalisimamisha tu, naegemeza, miguu inafunguka, nashika mkanda naondoka. Lisilo na miguu nalilaza kwenye nyasi, nainama kuchukua fimbo, nainama kuliinua. Kwa hiyo begi la miguu la kilo 3 naliona afadhali kuliko lisilo na miguu la kilo 2 na nusu.

Pili, mikanda miwili. Ni mizuri kwa mwenye begi akibeba mwenyewe. Sisi wengi tunabeba bega moja, tunabadilisha la pili njiani. Ule mkanda wa ziada unaning'inia, unanasa kwenye vichaka ukitafuta mpira kwenye rafu (majani marefu). Kabla ya kununua angalieni kama mkanda mmoja unaweza kufunguliwa na kuwekwa kando.

Tatu, malipo yangu ni yale yale begi liwe jepesi au zito. Kwenye mifuko nimekuta mipira iliyopasuka, glavu zilizoota ukungu, chupa tupu, hadi ndizi iliyooza. Mwenye begi anatembea mikono mitupu. Dada wa #7 kaongea jambo kubwa sana.

#14 DadaMikwaju
Asante sana kaka. Nimempa mume wangu simu asome #13 mwenyewe. Anasema viatu vinatoka, mwavuli haujadiliwi.

#15 Mwekezaji Oysterbay
Nitapingwa lakini nasema. Begi ni heshima. Ukifika uwanja wa wageni na begi jembamba, wanakuchukulia mwanafunzi. Mimi nina kubwa la mapro, nampa kedi nyongeza, na napanda kigari inapowezekana. Ngozi yake inafutwa kwa kitambaa tu, na kila kitu kinaingia, hadi nguo za kubadilisha. Wakati Kenya Open inachezwa Muthaiga, mapro wangapi mliwaona na begi la miguu?

#16 Mzee wa Limuru
Ndugu yangu, nilikuwepo kwenye kamba pale Muthaiga. Wale ni wafanyakazi, begi ni ubao wa mdhamini wao. Ukipata mdhamini wa kulipia jina lako ubavuni, libebe hata kilo 6. Hiyo nyongeza unayompa kedi ni jambo jema, endelea nayo.

#17 Nyundo ya Nyali
Wadau salaam. Mnasahau hali ya hewa. Huku Pwani begi linakufa kwa chumvi kabla ya kuchoka. Kile kichwa cha zipu cha chuma ukikiacha miezi miwili mfuko haufunguki. Chagua zipu za plastiki nene, meno makubwa. Hata ile fito inayosukuma miguu ifunguke, inayopita pembeni kutoka kitakoni, ikiwa ya chuma cha bei rahisi inapata kutu na kuganda. Kipanga, huo mguu wako mmoja usiofunguka nadhani ndio ugonjwa wake.

Na msiache begi kwenye buti juani. Gundi inayoshika kichwa cha fimbo inalegea kwa joto kali. Mwenzangu mmoja aini yake ilichomoka kichwa kwenye tii, kikaruka mbele ya mpira.

#18 Bogi Kila Shimo
Mpira ulikwenda wapi na kichwa kilikwenda wapi? Hii lazima tuijue.

#19 Nyundo ya Nyali
Kichwa kwenye banka (shimo la mchanga) ya kushoto. Mpira ulisogea hatua chache. Na ukahesabiwa.

#20 Bin Matrah
Assalaam aleikum kutoka Muscat. Huku kiangazi begi linachaguliwa kwa maji. Natazama kwanza mfuko wenye utando wa kutunza baridi, unaomeza chupa mbili kubwa, na uwe chini karibu na kitako ili uzito usivute mdomo wa begi. Mengine baadaye. Joto likipita nyuzi 40 hakuna anayeuliza vyumba.

Wazee wa huku waliocheza viwanja vya mchanga wana hadithi yao. Fimbo chache, na kipande cha zulia la nyasi bandia kimening'inia kwenye begi. Mpira ukianguka kwenye njia ya kuchezea unauweka juu ya zulia ndipo unapiga. Grini zenyewe zilikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta. Begi lilitakiwa liwe na ndoano imara ya lile zulia, basi.

#21 Mchagga wa TPC
Waaleikum salaam. Hata huku kwetu chini ya mlima, kwenye miwa, saa tano asubuhi jua linachoma. Naunga mkono mfuko wa maji.

Narudi kwenye kunasa. Kuna jambo la tatu hakuna aliyelitaja, nalo ni mpangilio. Watu wanaweka draiva na fimbo ndefu upande wa mifuko, zile fupi nyuma. Inatakiwa kinyume: ndefu juu, upande wa mkanda, weji chini, upande wa mifuko. Ukigeuza, fimbo ndefu zinazilalia fupi na kuzibana.

#22 FundiGripu
Mchagga, mpangilio unazuia vichwa kugongana, hilo nakubali. Gripu chini haijali iko mstari gani kama hakuna kigawanyo. Umetuambia kwanza ni gripu nene, sasa mpangilio. Chagua moja.

#23 Mchagga wa TPC
Kwa nini nichague moja? Inaweza kuwa zote mbili.

#24 Mjukuu wa Entebbe
Nasoma kutoka Uganda. Mimi naona wote mnaangalia begi, hamwangalii toroli. Begi langu likiwa wima kwenye kigari, fimbo zinatoka laini. Begi lile lile nikilifunga kwenye toroli, limelala nyuzi 45 hivi, zinanasa. Uzito wa fimbo zote unaangukia safu ya chini, na kitambaa kinabonyea. Kipanga kasema aliliazima likiwa kwenye toroli. Pengine begi halina kosa.

Tena begi la miguu kwenye toroli lina shida yake. Kile kitako kinachojikunja, ambacho ndicho kinachosukuma miguu, kikikaa kwenye toroli kinabonyezwa, miguu inataka kufunguka njia nzima. Na begi linazunguka kidogo kidogo mpaka mfuko wa mipira unatazama chini. Kuna mabegi chotara siku hizi, yana miguu lakini kitako kimechongwa kukaa kwenye toroli, na yana kamba ndogo ya kufungia miguu. Kwa mtu wa bega leo, toroli kesho, ningeanzia hapo.

#25 KipangaWaLugalo
Mjukuu, hiyo ya kuzunguka unanieleza mimi kabisa. Kila mashimo mawili nalinyoosha. Chotara yana uzito gani?

#26 Mjukuu wa Entebbe
Kati ya kilo 2 na nusu na 3. Begani utausikia kidogo ukilinganisha na la miguu la kawaida. Hakuna cha bure.

#27 Msafiri wa Usa River
Kipimo changu ni gari. Naendesha IST, gari dogo. Nikienda uwanja wa Kili Golf na wenzangu wawili, kigezo ni kama begi linaingia na kiti cha nyuma bado kinakalika. Draiva ya kawaida ina inchi 45 na zaidi, hiyo ni sentimita 114 na kuendelea. Kwenye buti yangu haikai kwa upana. Nachomoa draiva, nailaza peke yake juu ya begi. Begi lenye mdomo mpana wa inchi 9 na nusu ndilo linalonikwamisha. La inchi 8 linalala vizuri.

Na kwa wanaonunua mtumba wa Kijapani: mabegi mazuri, yameshonwa kwa uangalifu, kifuniko cha mvua kipo. Lakini mengi ni ya kigari, hayana miguu, kilo 3 na kupanda. Watu wanayanunua kwa sababu ya mng'ao halafu wanayabeba begani.

#28 Sajenti Mstaafu
Nyongeza. Popote unapolisimamisha, liwe mbali na njia ya mpira wako. Mpira ukigonga begi lako ni mkwaju mmoja wa adhabu.

#29 Mlinda Kanuni
Mzee wangu, samahani tena. Hiyo ilikuwa kabla ya 2019. Sasa ukiligonga kwa bahati mbaya hakuna adhabu, unacheza mpira ulipotua. Kulisimamisha mbali bado ni busara, na kwenye grini lisiingie kabisa, ile miguu inachimba.

#30 Sajenti Mstaafu
Inabidi ninunue kitabu kipya. Asante.

#31 Kedi wa Mlimani
Kuhusu #24, mimi sitembei na toroli na bado nimekutana na mabegi ya vyumba 14 yanayonasa nikiwa nimeyasimamisha kwa miguu yake. Naona yananasa zaidi baada ya mvua. Gripu zikilowa kitambaa kinazing'ang'ania. Wakati wa masika fungeni kifuniko mapema, msisubiri mpaka fimbo zimeshalowa.

#32 Mwekezaji Oysterbay
Kifuniko nani anacho? Langu sikumbuki nilikiweka wapi.

#33 DadaMikwaju
Kiko kwenye ule mfuko mrefu wa pembeni, chini ya nguo za kubadilisha. Cha mume wangu tulikikuta huko huko.

#34 Mwekezaji Oysterbay
Nimekwenda kwenye gari kuangalia. Kipo. Dada, ubarikiwe.

#35 KipangaWaLugalo
Wakuu nimelichungulia begi la jamaa jioni hii. Fundi, vigawanyo vinashuka hadi chini na vimeshonwa. Mchagga, mpangilio ulikuwa kama unavyosema wewe, ndefu juu. Gripu kawaida, zilikuwa kavu. Tulilisimamisha wima, namba 6 ikatoka bila shida, namba 7 ikanasa. Chumba cha 7 kitambaa kimelegea upande mmoja, kinajikunja.

#36 FundiGripu
Basi ni mshono. Uzi ukichoka kitambaa kinaingia kwa jirani. Leta nishone.

#37 Mjukuu wa Entebbe
Na namba 6 iliyotoka vizuri ikiwa wima lakini ikanasa kwenye toroli?

#38 FundiGripu
Hiyo sijaiona kwa macho. Leta na toroli.

#39 Bogi Kila Shimo
Mimi nimeamua begi la miguu la vyumba 6, mkanda wa pili unaochomoka kama alivyosema Kedi. Swali moja la mwisho kwa Nyundo: zipu iliyoanza kugoma inaokolewa vipi kabla sijalitupa la zamani?

#40 Nyundo ya Nyali
Ioshe kwa maji ya vuguvugu na mswaki mkuukuu, chumvi itoke, iache ikauke kivulini. Halafu sugua mshumaa kwenye meno, vuta kichwa huku na huku taratibu. Usiweke mafuta ya kupikia.

#41 Bin Matrah
Mshumaa huku hapana. Nta inashika mchanga, baada ya wiki zipu inasaga kama msasa. Sisi tunasugua ncha ya penseli.

#42 Nyundo ya Nyali
Penseli inachafua glavu nyeupe, ndugu. Labda kwenye begi jeusi.